Dozi ya Pili: Kisa cha Dume Aliyelala Usagara

Dume mwenyewe alikuwa chotara wa Friesian na ng'ombe wa kienyeji, wa miaka mitatu hivi, kilo 300 kwa kipimo cha kamba ya kifua, aliyezaliwa na kukulia kwenye malisho ya wazi wilayani Misungwi. Aliyemnunua ni mama mmoja wa Ukerewe mwenye ng'ombe wachache wa maziwa karibu na Nansio, aliyechoka kusubiri mbegu za uhimilishaji zinazofika kisiwani ng'ombe akiwa ameshatoka kwenye joto. Alimtuma mdogo wake na Fuso ya kukodi. Njia ilipangwa vizuri: Misungwi hadi Usagara, kukata kwa barabara ya Kisesa ili kukwepa mjini, Magu, Lamadi, Bunda, kisha Kisorya kupanda kivuko cha kwenda Rugezi. Kibali cha kusafirisha kilikuwapo. Chanjo zilikuwa kwenye karatasi. Bei ilikwisha kulipwa yote. Jambo moja tu halikupangwa, nalo ni jinsi ya kumpandisha dume garini.

Safari iliishia Usagara, dume akiwa amelala ubavu ndani ya Fuso, ulimi nje, tumbo limejaa gesi.

Kisa hiki kimezunguka kwa wafugaji kwa namna mbili. Wengine wanasema dawa ya kutuliza aliyochomwa wakati wa kupakiwa ilikuwa feki. Wengine wanasema dume aliuzwa akiwa mgonjwa na mzee wa Misungwi aliyemuuza alimficha mnunuzi. Nimezungumza na waliokuwapo pande zote mbili, pamoja na daktari wa mifugo aliyeitwa, na sikubaliani na maelezo yoyote kati ya hayo. Dawa ilikuwa nzuri na dume alikuwa mzima. Dawa ilifanya kazi yake sawasawa, ila ilipewa kazi isiyo yake.

Kupakia

Alitolewa zizini saa nane mchana. Wenzake wote walikuwa wameshaswagwa kwenda malishoni, kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani alibaki peke yake. Fuso ilisimama na injini ikinguruma, turubai lake likipigwa na upepo. Hapakuwa na kilima cha kupakilia. Ziliegemezwa mbao mbili kutoka chini hadi kwenye bodi, na mbao zile zilicheza kila alipokanyaga. Wanaume kama wanane walimzunguka na fimbo na miluzi. Mbwa wawili wa boma walikuwa wakibweka pembeni. Mtu alikuwa ametundika koti lake kwenye nguzo ya zizi, karibu kabisa na mahali alipotakiwa kupita.

Nayataja haya yote kwa sababu ng'ombe huyaona yote. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake moja kwa moja. Kinachopepea, kivuli kilichokatiza njia, mnyororo unaoning'inia, ubao unaolia chini ya kwato: hivyo kwake ni sababu tosha ya kusimama. Mmarekani Temple Grandin amejijengea jina kwa kuwaonyesha wenye machinjio na mashamba makubwa jambo hilihili, kwamba ukiondoa kitu kimoja kinachotisha kwenye njia, ng'ombe waliogoma asubuhi nzima hupita wenyewe. Wasukuma wanaochunga tangu utotoni wanalijua bila kusomeshwa. Tatizo ni kwamba kwenye kupakia, mchungaji anayemjua ng'ombe husukumwa pembeni na wenye gari kwa sababu wana haraka.

Dume aligoma kwenye mbao. Akavutwa kwa kamba ya pembe, akaruka nyuma, ubao ukateleza. Mtu akampinda mkia. Akageuka na kumkosa kijana mmoja kwa pembe kidogo tu. Hapo ndipo rafiki wa mdogo wake mama, aliyewahi kusaidia kubana ng'ombe kwenye zoezi la chanjo, akakumbuka kwamba ana chupa.

Chupa ilikuwa ya zailazini, dawa ya kutuliza wanyama, iliyonunuliwa dukani bila cheti cha daktari. Kijana alimpigia jamaa yake simu, akaambiwa, "Piga moja na nusu kwenye msuli, atatulia." Jamaa yule hakudanganya, alikuwa anasema juu ya chupa aliyoizoea yeye, ya asilimia 2, yenye miligramu 20 kwa kila mililita. Chupa iliyokuwa mkononi mwa kijana ilikuwa ya asilimia 10. Maji yake hayana rangi, kama yale ya asilimia 2, na bomba la sindano ni lilelile.

Akapiga moja na nusu. Walisubiri dakika tatu au nne kwa kumbukumbu za waliokuwapo, na mtu anayekimbizwa na dume hana saa. Dume akaendelea kurusha mateke. Mtu akasema dawa imekuwa ndogo. Kijana akaongeza nusu.

Muda mfupi baadaye kichwa kikashuka, mate yakaanza kuchuruzika, miguu ya nyuma ikalegea. Wakamsukuma, wakambeba nusu, akaingia. Walimfunga kamba fupi kwenye bomba la mbele la bodi ili asigeuke. "Hii dawa kiboko," mmoja wao alisema, na bado anakiri kwamba alisema hivyo.

Hesabu

Kwa ng'ombe, dozi ya zailazini ya kwenye msuli ni kati ya miligramu 0.05 na 0.3 kwa kila kilo, na ukifika huko juu tegemea kwamba atalala chini. Mtu mwenye akili hubaki karibu na 0.1. Kwa dume wa kilo 300 hiyo ni miligramu 30, yaani mililita 1.5 za ile chupa ya asilimia 2. Za ile ya asilimia 10 ni mililita 0.3, tone ambalo kwenye bomba kubwa la sindano hata kulipima ni shida.

Alipata mililita 2 za asilimia 10. Miligramu 200. Karibu mara saba.

Kuna mtego mwingine kwenye karatasi ya chupa zenye nguvu: mara nyingi zimetengenezwa kwa kufikiria farasi. Farasi huchomwa miligramu 2.2 kwa kilo kwenye msuli. Ng'ombe anahitaji kiasi cha sehemu moja ya kumi ya hiyo, kwa sababu ambazo hazihusiani na ukubwa wa mwili. Ubongo wake unaipokea dawa hii kwa ukali zaidi. Mbuzi naye ni mwepesi kuzidi ng'ombe, na kondoo huweza kujaa maji mapafuni. Anayesoma mstari wa farasi na kumchoma mbuzi wake wa maziwa, asitafute mchawi.

Na hilo ni kwa wanyama tu. Kijana alishika bomba lililojaa dawa ya asilimia 10 mbele ya mnyama anayerusha mateke. Zailazini iligunduliwa Ujerumani mwaka 1962 na kampuni ya Bayer ikitafutwa dawa ya kushusha shinikizo la damu kwa binadamu, ikaachwa kwa sababu ilishusha mno na kulaza watu. Sindano ile ingemwingia yeye kwenye paja, daktari wa Misungwi angekuwa na wagonjwa wawili.

Usagara

Utingo ndiye aliyeokoa maisha ya dume, ingawa hakuna anayemtaja kwenye masimulizi ya kijiweni. Alisikia kishindo, akachungulia, akaona dume ameanguka ubavu wa kulia huku kamba fupi ikimnyonga. Aliikata kwa panga kabla gari halijasimama vizuri. Laiti angesubiri dereva aegeshe, kisa kingekwisha hapo.

Walimshusha kwenye kivuli cha mti pembeni ya barabara. Walipompigia mama wa Nansio, alisema maneno machache na kuuliza namba ya daktari. Wakati daktari yuko njiani, ushauri ulimiminika. Mmoja alitaka wamnyweshe mafuta ya kula ili gesi itoke. Mwingine alitaka soda. Kuna aliyekwishaleta chupa ya maziwa. Mzee mmoja wa hapo aliwakataza: ng'ombe asiyemeza, ukimmiminia kitu mdomoni, kinaingia mapafuni. Daktari ananiambia kwamba kauli ile ya mzee ilimpunguzia kazi nusu nzima.

Alichokikuta: mapigo ya moyo 38 kwa dakika, ambapo ng'ombe mzima hukaa kati ya 48 na 84. Pumzi fupi. Joto la mwili nyuzi 40, kwa sababu mnyama aliyelazwa na dawa hii hawezi kujirekebishia joto na alikuwa amekaa kwenye bodi ya chuma juani. Ubavu wa kushoto umevimba hadi kulingana na uti wa mgongo, ukiupiga unalia kama ngoma.

Uvimbe ule unahitaji maelezo, maana ndio unaoua, na wengi hudhani mnyama hufa kwa "usingizi". Tumbo kuu la ng'ombe ni pipa la kuchachusha majani, linatoa gesi makumi ya lita kila saa baada ya kula. Gesi hiyo hutoka kwa kubeua, na kubeua kunataka misuli ya tumbo ijikunje kwa mpangilio. Zailazini inasimamisha mikunjo hiyo. Ukiongeza kwamba mnyama amelala ubavu, maji ya tumboni yanaziba mlango wa koo na gesi haina pa kupita. Tumbo linakua, linasukuma kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, mapafu yanakosa nafasi. Wakati huohuo mate hayamezwi, nayo ng'ombe hutoa lita mia na zaidi kwa siku. Yakirudi pamoja na maji ya tumboni yanaingia njia ya hewa. Dume huyu alikuwa amekula asubuhi nzima. Hakuna aliyekuwa amewaza kumnyima chakula, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaza dawa.

Kazi ya kwanza haikuwa sindano. Walimgeuza akalalia kifua, wakamkingia magunia ya pumba pande zote mbili asirudi ubavuni. Kichwa kikawekwa pua ikielekea chini ili mate yachuruzike nje. Daktari akapitisha mpira wa tumbo kupitia mdomoni, ndani ya kipande cha bomba la maji ili asiutafune, na gesi ikatoka kwa muda mrefu na harufu yake. Wakammwagia maji miguuni. Wakamfunika macho kwa kitambaa kibichi, maana hapepesi na vumbi la Fuso zinazopita lilikuwa jingi. Kila baada ya muda walihamisha uzito wake kutoka paja moja hadi jingine, kwani mnyama mzito akilalia upande mmoja kwa saa nyingi anaweza kuamka akiwa na mguu uliokufa ganzi, na mguu huo usipone.

Dawa za kuitengua zailazini zipo: yohimbini, tolazolini, atipamezoli. Daktari hakuwa na hata moja kwenye mkoba, na hakuna aliyeshangaa. Kwa hiyo tiba ikawa kumlinda hadi mwili wenyewe uitoe dawa. Dozi ya kawaida hudumu saa moja au mbili. Hii iliendelea hadi giza likaingia.

"Achinjwe kabla hajafa"

Hapa ndipo, kwangu mimi, kisa kinapokuwa kizito kuliko kosa la bomba la sindano. Saa kumi na moja jioni alifika muuza nyama. Hakuitwa, habari za ng'ombe aliyelala barabarani husafiri zenyewe. Alitoa bei, si mbaya kwa mnyama anayekaribia kufa. Mdogo wake mama alitetereka. Pesa ya dadaye ilikuwa imelala chini ya mti na kila aliyepita alimwambia atapoteza vyote.

"Daktari, tumchinje? Angalau tuokoe kitu."

"Ukichinja sasa, unawalisha watu dawa uliyompiga saa nane."

"Si itaisha kwenye moto?"

Moto si dawa ya mabaki ya dawa, na hilo daktari alimweleza kwa uvumilivu ambao mimi nisingekuwa nao. Muda wa kusubiri baada ya zailazini ni mfupi ukilinganisha na antibayotiki nyingi: chupa zinazouzwa Ulaya huandikwa siku 1 kwa nyama ya ng'ombe, na Marekani, ambako haikusajiliwa kwa wanyama wa chakula, wataalamu wa mabaki hushauri siku 4 kwa nyama na saa 24 kwa maziwa. Lakini tarakimu hizo zote zinadhani dozi ya kawaida. Kwa mara saba hakuna lebo inayokupa jibu, na pale kwenye msuli ilipoingia sindano dawa ilikuwa bado mbichi. Mkaguzi wa nyama mwenye macho angekataa mzoga ule. Muuza nyama, kwa jinsi alivyokuwa na haraka, hakuwa anaelekea kwa mkaguzi.

Mdogo mtu akampigia dada. Jibu lake nimelisikia kwa watu watatu na halibadiliki: "Mimi nilinunua dume, sikununua kitoweo. Kaa naye hapo."

Ikawa hivyo. Saa mbili usiku dume alijaribu kuinuka, akashindwa, akajaribu tena. Walimwacha ainuke mwenyewe. Alisimama akitetemeka na kukojoa sana. Dawa hii hupandisha sukari ya damu na mkojo huongezeka. Akapewa maji pale tu alipoonekana anameza. Majani alinyimwa hadi alipoanza kucheua, asubuhi.

Kwa nini dozi ya pili

Kosa la asilimia 10 na asilimia 2 ni rahisi kulieleza, na kila mtu atalaumu hapo. Nadhani ajali ingetokea hata kwa chupa sahihi. Zailazini ikipigwa kwenye msuli huchukua dakika 10 hadi 15 kufanya kazi, na hiyo ni kwa mnyama aliyeachwa mahali patulivu. Inafanya kazi kwa kuzuia ubongo usimwage noradrenalini, kemikali inayouamsha mwili. Mnyama aliyekwisha kuchemka, aliyepigwa na kufukuzwa kwa nusu saa, ana adrenalini imejaa mwilini tayari. Dawa inachelewa, wakati mwingine haionekani kabisa. Ndipo mtu anaongeza. Kisha kelele zinakoma, kila mtu anapumzika kwa kuwa ameona kichwa kinashuka, na dozi zote mbili zinakutana kwa pamoja kwenye mnyama mmoja. Daktari ananiambia kwamba katika ajali za namna hii alizoziona, karibu zote zina sindano ya pili ndani yake.

Kwa maneno mengine, dawa ya kutuliza humfaa zaidi mnyama aliyetulia. Wafugaji wakisikia hivyo hucheka, wanauliza ya nini basi. Jibu ni kwamba dawa hii ni ya kumwezesha daktari kumfanyia mnyama jambo lenye maumivu au la kumshika kwa muda, hapo alipo, kisha aamke hapohapo. Safari ni kitu kingine. Garini mnyama anahitaji miguu yake. Anahitaji kujipanga breki zinapokanyagwa, kupanua mguu kwenye kona, kuhema haraka joto likipanda. Vyote hivyo ndivyo dawa inavyomnyang'anya. Hofu yenyewe haiondoki yote pia. Ng'ombe aliyelegea bado anasikia honi, na anaweza kurusha teke la ghafla wakati umeshamkaribia ukijiamini.

Sheria za nje zinasema vivyo hivyo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1 ya mwaka 2005 inakataza kuwapa wanyama wanaosafirishwa dawa za kutuliza isipokuwa ni lazima kabisa kwa ajili ya ustawi wao, na hapo chini ya usimamizi wa daktari. Kwetu, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, tiba ya wanyama iko chini ya Sheria ya Veterinari ya 2003, na dawa zenyewe husajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Sheria hazikukosekana Misungwi siku ile. Kilichokosekana ni kilima cha udongo cha kupakilia.

Kuna wanaonijibu kwa mfano wa nguruwe, kwamba azaperoni, dawa nyingine ya kutuliza, hupigwa nguruwe wageni wanapochanganywa wasitafunane, na inafaa. Ni kweli, ilitengenezwa kwa kazi hiyo, miligramu 2 kwa kilo kwenye msuli, na dume la nguruwe lisizidishiwe miligramu 1. Inawekewa hata viwango vya mabaki na Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula: maikrogramu 60 kwa kilo ya nyama. Lakini angalia ni kazi gani: nguruwe wako bandani mwao, hawaendi popote, wanalala, wanaamka wakiwa na harufu moja. Hiyo ni dawa iliyopewa kazi inayoijua. Klorpromazini, mzee wa dawa hizi zote, iliyoanza kwa wagonjwa wa akili Ufaransa mwaka 1952, imepigwa marufuku Ulaya kwa wanyama wa chakula. Jina "dawa ya kutuliza" limebeba vitu vingi visivyofanana.

Na angekuwa mtamba mwenye mimba ya miezi minane badala ya dume? Zailazini hukaza mfuko wa uzazi karibu na kuzaa. Pengine wangepoteza wawili kwa chupa moja. Wanaonunua mitamba yenye mimba na kuivusha ziwa wazingatie hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Safari iliyofika

Dume alibaki Usagara kwa mwenyeji hadi alipokula na kucheua kama kawaida na mapafu yakathibitika masafi, maana nimonia ya kuvuta mate huchukua siku kujionyesha. Kisha mzee aliyemuuza, akiwa bado na kinyongo kwa kuitwa mwongo, alikuja mwenyewe. Akaja na maksai.

Maksai huyu ni mzee wa jembe, amebebwa kwenye magari mara nyingi, hababaiki na kitu. Mzee alimfunga karibu na dume usiku kucha wakala pamoja. Wenyeji walirundika udongo na mawe hadi usawa wa bodi ya Fuso, kazi ya vijana wachache kwa jioni moja. Sakafu ilimwagiwa mchanga, juu yake majani makavu. Turubai likafungwa lisipepee. Mbwa wakafungiwa mbali, fimbo zikawekwa chini, injini ikazimwa. Saa kumi usiku maksai alipanda kwanza, dume akafuata, akasita mara moja kwenye ukingo, akanusa, akaingia. Mzee alikuwa amesimama nyuma kidogo ya bega lake, mahali ambapo ng'ombe akikuona husogea mbele. Ukisimama mbele ya bega anarudi nyuma. Hakumgusa.

Ilibidi kibali kiandikwe upya kwa ng'ombe wawili, na maksai alilipiwa nauli ya kwenda na kurudi. Mdogo wake mama alilalamikia gharama hiyo. Ilikuwa chini sana ya bei ya dume.

Kisorya walisubiri kivuko kwa muda kwenye upepo wa ziwa. Wanaovuka kwenda Sengerema wameondokewa na adha hii tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, lakini Ukerewe bado ni kivuko, na chuma cha mlango wa kivuko kikishuka hupiga kelele ambazo hata mimi hunishtua. Dume alirusha kichwa. Maksai hakuinua hata sikio, aliendelea kutafuna. Ng'ombe husomana, dume naye akashusha kichwa. Hawakushushwa garini hadi Nansio.

Miezi kadhaa baadaye dume yuleyule alihitaji pete ya pua, kwani alikuwa amekua na mama hakutaka watoto wake wamshike kwa kamba ya pembe. Hapo zailazini ilitumika, na daktari wa kisiwani. Alinyimwa chakula tangu jioni. Alikuwa kwenye zizi lake, amefungwa chini ya mwembe, watu wawili tu. Daktari alipima kifua upya, akasoma asilimia kwenye chupa kwa sauti, mama akarudia. Ilikuwa ya asilimia 2. Akampiga mililita 1 kwenye msuli. Kisha walikwenda kunywa chai na hakuna aliyemsogelea kwa dakika ishirini. Kichwa kilipokuwa kimeshuka vya kutosha, akapigwa ganzi ya lignokeini puani, pete ikaingia akiwa amesimama. Mama aliandika kwenye daftari lake jina la dawa, kiasi, tarehe, na chini yake tarehe ambayo dume asingechinjwa kabla yake hata kama angevunjika mguu kesho yake.